Mfuko wa Mchanga Wenye Masikio

Mliniacha Jumapili iliyopita kwenye ngazi za kanisa la Montbrac, mate ya mwanamke nisiyemjua yakitiririka kwenye shavu la kaka yangu.

"Muuaji wa baba!" ndivyo alivyomwambia, mbele ya padri na watoto waliotoka kupokea komunyo yao ya kwanza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitayafupisha. Jina langu ni Edmée Cazenave, mwanafunzi wa sheria katika chuo kikuu cha Toulouse. Baba yetu alikuwa na karakana na gari moja dogo la mashindano aliloliita Nyigu: la manjano, kiuno chembamba, mkia uliochongoka, jepesi hata mwanaume mmoja mwenye kifua aliweza kuliinua upande. Mwezi wa Mei, katika kona ya daraja, gurudumu la nyuma lilichomoka, na baba akafa kabla ya vumbi kutulia.

Nati iliyolishika gurudumu ilipatikana kwenye nyasi, nzima, nyuzi zake hazina hata mkwaruzo. Kwa hiyo haikuvunjika, ilifunguka. Na aliyeikaza kwa nyundo asubuhi ile alikuwa kaka yangu Firmin.

Askari hawakumfunga. Waliuachia mji umfunge.

Mnakumbuka pia jinsi nilivyoikuta bunduki ya baba ya kuwindia juu ya mto wa Firmin, na jinsi tulivyoigombania sakafuni mpaka risasi ikatoboa dari. Aliniahidi jambo moja tu.

"Nitamwendesha Nyigu kwenye mashindano ya Montbrac," alisema. "Nitayakaza magurudumu mbele yao, nitafika kwenye bendera. Wakiyaona yapo yote manne, watanyamaza. Wasiponyamaza, Edmée, usinifiche bunduki tena."

Siku yenyewe ilikuwa ndiyo hii ninayowasimulia.

Uwanja wa mji ulinuka mafuta ya nyonyo, yale tuliyonyweshwa utotoni kwa tumbo na ambayo injini za mashindano huyanywa kwa furaha. Firmin alisimama kando ya Nyigu, nyundo ya shaba mkononi.

"Njooni muone!" aliwaita watu. "Bazerque, njoo na wewe. Lete na hayo masikio yako."

Bazerque alikuwa dereva wa gari la bluu, mshindani wetu wa miaka mingi, mtu aliyecheza raga mpaka masikio yake yakafanana na maandazi yaliyokaliwa. Alikuja polepole, akitafuna mkate na soseji.

"Nione nini? Nyundo iliyomuua baba yako? Nimeshaiona."

Firmin aliinama kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Aliyemshikia gurudumu lisicheze alikuwa fundi wetu, Anselme Puyo.

Anselme niwaeleze vizuri. Ndiye aliyeiunda injini ya Nyigu, valvu kwa valvu. Tangu nikiwa na nywele za kusuka alikuwa akikaa katika kiti cha pili cha gari lile, akipampu petroli kwa mkono na kutazama nyuma, wakati baba akishika usukani. Tena alikuwa mchumba wangu. Tulikuwa tufunge ndoa baada ya mavuno ya zabibu.

"Fuata mshale, ndugu yangu," Anselme alimwambia Firmin kwa upole. "Usitetemeke. Fuata mshale tu."

Nati zetu zina mabawa mawili ya kupigia nyundo, na juu yake pamechongwa mshale wa kuonyesha upande wa kukazia. Firmin alifuata mshale. Alipiga mpaka jasho likamdondoka puani. Kisha Anselme akachovya brashi katika rangi nyeupe, akachora mstari mmoja ulioanzia kwenye nati na kuishia kwenye kitovu cha gurudumu, ili nati ikisogea hata kidogo, mstari ukatike na jicho lione.

"Haya, mashahidi!" Firmin alisema. "Imekazwa, haikukazwa?"

"Imekazwa," walikubali wawili watatu, kwa shingo upande.

Nilidhani mabaya ya siku ile yamekwisha.

Mwaka huo wasimamizi walikuwa wameleta kanuni mpya. Kiti cha pili, ambacho tangu zamani kilikuwa cha fundi, sasa kingeweza kukaliwa na fundi au na mchanga wa uzito wa mtu. Baba, siku alipoisoma habari hiyo gazetini, alicheka mpaka akamwaga supu.

"Anselme!" alisema. "Kumbe miaka yote hii nimebeba mfuko wa mchanga wenye masikio!"

Sote mezani tulicheka. Anselme alicheka kuliko sisi sote.

Sasa mifuko ya mchanga ilikuwa imepangwa kando ya mizani, na Bazerque akaipiga teke mmoja.

"Puyo! Njoo uwaamkie ndugu zako. Huyu hapa anafanana na mama yako."

"Hatubishani leo, Bazerque," Anselme alijibu.

"Mchanga una adabu, haki ya Mungu. Hauombi posho, haunuki kitunguu saumu, wala haumwoi binti wa tajiri wake."

Watu wakacheka. Maneno kama hayo Anselme alikuwa ameyasikia maisha yake yote, na siku zote aliyajibu kwa mzaha. Siku hiyo aliokota spana.

Alimpiga Bazerque mdomoni. Nilisikia jino likivunjika kabla sijaona damu. Bazerque alitema mkate, soseji na jino, akamkamata Anselme shingoni, akamkandamiza juu ya mizani kama mbuzi wa kuchinjwa. Wakaanguka. Wanaume wa Bazerque waliingia kwa mateke, Firmin akaingia kwa ngumi, na mtu mmoja nisiyemjua akapasuliwa kichwa kwa chupa ya divai bila kuwa na ugomvi na yeyote.

Walipotenganishwa, Anselme alikuwa amepiga magoti, ameukumbatia mkono wake wa kulia.

"Amenikanyaga. Umevunjika."

"Mwongo!" Bazerque alipiga kelele kupitia damu. "Mkono wake sijaugusa!"

Daktari wa mashindano alikuja na mkoba wake. Anselme hakumruhusu hata kuufunua. Alijifunga mwenyewe kwa shali yake, akivuta fundo kwa meno.

"Wekeni mchanga," alisema. "Firmin, nenda na mchanga."

"Na pampu?" Firmin aliuliza. "Nikiwa konani nani atapampu? Injini itakufa njaa njiani."

"Pampu mwenyewe penye barabara iliyonyooka. Utaweza."

"Siwezi, Anselme. Unajua siwezi."

"Nitakaa mimi," nilisema.

Wote wawili waligeuka. Nilikuwa nimemsaidia baba kupampu tangu utotoni, kwenye njia za mashambani, na pampu ile niliijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu. Nilienda moja kwa moja kwa msimamizi mkuu, Bwana Vidalou, mzee mwenye nishani za vita na masharubu ya manjano kwa tumbaku.

"Haiwezekani, binti yangu," alisema. "Mwanamke?"

"Kanuni inasema 'fundi au msaidizi, mtu mwenye umri wa utu uzima.' Nionyeshe mahali iliposema mwanamume."

Aliisoma. Akaisoma tena, akiisogeza mbali na macho.

"Wanawafundisha nini huko Toulouse?"

"Kusoma, Bwana Vidalou."

Nilipimwa. Uzito wangu haukutosha, wakaniongezea kifuko kidogo cha mchanga miguuni. Bazerque, kitambaa cha damu mdomoni, akasema hiyo ni mara ya kwanza kuona mchanga ukiupakata mchanga.

Nilikuwa tayari nimeketi Anselme aliponifikia.

"Shuka."

"Anselme, niache."

"Shuka, nakwambia! Edmée, shuka!"

Alinishika nywele kwa mkono wa kushoto akanivuta. Nilining'inia nusu nje ya gari, shingo ikigongana na ukingo wa bati. Katika miaka yote alikuwa hajapata kuniinulia hata sauti. Nilimpiga kofi, nikampiga jingine. Hakuachia. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mdomo wake ulitetemeka kama wa mtoto aliyefungiwa nje.

"Nakuomba. Mama yangu aliyekufa ananisikia, nakuomba. Mchanga. Wekeni mchanga!"

Firmin alimpiga ngumi moja ya shavu, akaanguka chali juu ya mifuko.

"Ukimgusa dada yangu tena nitakuvunja na huo wa pili!"

Mimi, mtu wa vitabu, niliyatazama machozi yale nikaona mapenzi. Nilijiambia: kumbe ananipenda hivi. Nilivaa miwani ya vumbi, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa na furaha.

Bendera ikashuka.

Kiti cha pili cha Nyigu kimerudishwa nyuma kidogo ili viwiko vya abiria visimgonge dereva. Anayekaa pale huona vitu viwili: sikio la dereva mbele yake, na gurudumu la nyuma la kushoto, karibu kabisa na kiwiko chake. Nilipampu. Nilitazama nyuma. Aliyetaka kupita alipokaribia, nilimgonga Firmin pajani mara moja, kama Anselme alivyokuwa akimgonga baba.

Mzunguko wa kwanza tulikuwa wa tatu. Wa pili tulimpita mtu mmoja kwenye kilima cha mizabibu, na nikamsikia Firmin akiimba. Tangu Mei alikuwa hajaimba.

"Wakili!" aliniita kwa utani, akipiga kelele. "Wameyaona? Yako manne?"

"Manne!"

"Yahesabu tena!"

Bazerque alitufikia kwenye mteremko wa mashine ya unga. Nilimgonga Firmin paja, Firmin akampisha. Bazerque hakupita. Alisogea ubavuni, akacheka kwa mdomo uliopungukiwa, akatusukuma. Bati lilipiga ukelele juu ya bati. Alitusukuma tena, na safari hii gurudumu lake liligusa letu la nyuma, cheche zikanirukia shingoni. Nilichukua nyundo ya shaba iliyokuwa kando ya kiti changu, nikampiga nayo kwenye mkono wa usukani. Sikufikiri. Nilimpiga tu, naye akaserereka mpaka kwenye ukuta wa makaburi, akabaki pale akizunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake.

Niliinama kutazama kama alitupinda spoki.

Spoki zilikuwa nzima. Mstari mweupe ulikuwa umekatika.

Nusu yake ilikuwa kwenye nati, nusu kwenye kitovu, na kati yake palikuwa na upana wa kidole.

"Simama! Firmin, simama!"

Alisimama mbele ya jukwaa la watazamaji, hakuna pabaya kuliko hapo. Aliruka na nyundo. Watu walipoona anaigonga nati ile, sauti zilianza juu, zikashuka jukwaa zima.

"Kama baba yake! Kama baba yake!"

Jiwe lilimpiga begani. La pili lilivunja kioo chetu kidogo. Firmin alifuata mshale, akapiga kwa nguvu zote, akilia waziwazi.

"Niliikaza, Edmée. Uliniona. Niliikaza!"

"Nilikuona. Panda."

Upande wa pili wa barabara nilimwona Anselme. Hakuwa akipiga kelele kama wengine. Alikuwa anakimbia kuelekea zilipoegeshwa pikipiki za wasimamizi.

Alinirudishia nyundo, nikaishika kwa mkono mmoja, tukaondoka. Sikupampu tena kwa kutazama pampu. Nilipampu huku nimeikodolea macho nati ile. Mpaka chini ya kilima haikusogea. Kwenye mizabibu ilikuwa imesogea unywele. Kila gurudumu lilipozunguka, kila mtikisiko wa barabara, nati ilijipa nafasi kidogo, taratibu, kama mtu anayefungua mlango asiwaamshe waliolala. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa ikijifungua yenyewe.

Firmin alipopunguza mwendo konani, ndipo nikauona mshale.

Nilipokuwa mdogo baba alinipandisha juu ya tairi akanifundisha. "Nati za kushoto na za kulia si ndugu," alisema. "Nyuzi zake zinapingana, kusudi gari likienda mbele zote zizidi kujikaza. Ukisimama huku au kule, mshale wa kukazia, juu ya gurudumu, lazima utazame nyuma. Utazame tulikotoka."

Mshale niliokuwa nikiutazama ulielekea mbele. Ulielekeza kwenye rejeta, kule tulikokuwa tukienda.

Vitovu vilikuwa vimebadilishwa, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, pamoja na nati zake. Ukifuata mshale unaikaza kwelikweli, mbele ya mashahidi, mpaka jasho likudondoke. Halafu gari likiondoka, barabara yenyewe inaifungua.

Firmin hakumuua baba. Na mchana wa jana yake, aliyeifungua ekseli ya nyuma peke yake, eti anabadilisha grisi, alikuwa Anselme. Na kabla ya siku ile ya Mei pia alikuwa Anselme.

Wekeni mchanga, alisema. Wekeni mchanga!

"Firmin! Breki! Si kosa lako! Breki!"

Alinisikia. Alikanyaga. Tulikuwa tumeshauingia mteremko wa daraja, kona ileile.

Niliona kitu cha ajabu: gurudumu letu wenyewe likatupita. Lilitembea wima, bila haraka, likavuka barabara kama mtu mwenye shughuli zake. Kisha kitovu kikalamba changarawe, Nyigu akanyanyua mkia, na dunia ikageuka.

Nilirushwa. Kifuko cha mchanga kilipasuka, nikaamka kinywa kimejaa mchanga na damu, bega limetoka mahali pake. Nyundo ilikuwa bado mkononi.

Nyigu alikuwa ameegemea ukuta wa daraja kwa ubavu, magurudumu matatu hewani. Miguu ya Firmin ilikuwa chini yake. Kichwa chake kilikuwa nje, macho yamefumbwa, uso mweupe. Petroli ilidondoka kutoka kwenye tangi, tone moja baada ya jingine, ikiteremka kwenye bati kuelekea bomba la moshi, ambalo lilikuwa jekundu kwa joto.

Nililisukuma gari kwa bega zima. Halikutikisika.

Hapo pikipiki ikafika.

Niliutazama mkono uliokamata breki. Mkono wa kulia. Shali ilikuwa imefunguka ikipepea, na vidole vyote vitano vilikuwa vizima, vimekamata chuma barabara.

"Upo hai!" Anselme alilia, akija mbio, mikono wazi. "Edmée, kwa nini ulipanda? Kwa nini ulipanda?"

"Ulivibadilisha vitovu."

Alisimama.

"Cha kushoto kulia," nilisema. "Siku ya baba vilevile. Baba alikupa nini kibaya? Alikupa mimi!"

"Alinipa kiti!" Uso wake ulijikunja ghafla, na nikamwona mtu ambaye sijapata kula naye chakula. "Kiti cha pili! Injini ni yangu, Edmée. Kila sauti yake imetoka kwenye vidole hivi. Nilimwomba usukani siku moja. Siku moja tu! Alicheka. Uliniona nilivyocheka na mimi? Uliniona? Mfuko wa mchanga wenye masikio!"

"Na Firmin?"

"Firmin alicheka pia. Leo nilitaka mchanga ufe naye. Wewe hukuwemo. Mungu ananiona, wewe hukuwemo."

Nilimpiga kwa nyundo. Nimesomea sheria ili pasiwe na mtu wa kuhukumu kwa mkono wake, na nilimpiga sikioni kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Alipepesuka, sikio limechanika, damu ikamwingia kolani. Niliinyanyua tena. Ya pili nilikusudia imuue. Nawaambieni waziwazi, nilikusudia imuue.

Hakujikinga.

"Piga," alisema. "Halafu utaliinua gari na nani?"

Tone la petroli lilifika kwenye bomba. Moshi mwembamba ukapanda, ukanuka. Nilitazama barabara. Wasimamizi wa karibu walikuwa juu kwenye kona ya mizabibu, vidoa vyeupe, ndiyo kwanza wanaanza kukimbia.

Nyundo ikaanguka.

"Mshike makwapani," Anselme alisema, sasa kwa sauti ya karakana, sauti niliyoipenda. "Nikiinua, vuta."

Aliingiza mikono yote miwili chini ya ubavu wa Nyigu. Mishipa ilimtoka shingoni. Gari likapanda, nami nikavuta. Firmin alitoka mpaka mapajani, mpaka magotini. Kisha akakwama. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimenaswa kwenye pedali.

"Juu zaidi!" nilisema. "Anselme, juu kidogo!"

Hakupandisha.

"Kwanza apa," alisema.

"Nini?"

"Nakujua wewe. Ukiapa, huvunji. Wengine wote wa mji huu wanaapa kama wanavyopiga chafya, lakini wewe huvunji. Apa kwa kaburi la baba yako. Utawaambia askari kwamba nati haikukazwa. Firmin hakuikaza. Ya leo na ya Mei."

"Watampeleka gerezani! Atajiua, Anselme, unajua atajiua!"

"Apa, Edmée. Mikono inachoka."

"Wewe si mtu."

"Mimi ni mfuko wa mchanga. Apa."

Aliliacha gari lishuke, upana wa kidole. Nilisikia mfupa ndani ya kiatu kile. Firmin alitoa sauti ambayo mpaka leo naisikia mlango ukikwaruza. Moshi kwenye bomba ukawa mzito, na katikati yake kitu cha buluu kikacheza, kikazimika, kikacheza tena.

Niliwahi kuandika, katika karatasi iliyosifiwa na maprofesa wangu, kwamba kiapo kinachotolewa chini ya tishio si kiapo. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kizuri, dirishani pana jua. Sasa nilikuwa nimeketi kwenye petroli, na nilijua kwamba Anselme amenisoma vizuri kuliko maprofesa. Neno nikilitoa, nitalishika.

"Naapa," nilisema.

"Kwa nani?"

"Kwa kaburi la baba. Firmin hakuikaza."

Anselme alivuta pumzi. Gari likapanda. Kiatu kikaachia nusu, nikalikamata goti la kaka yangu kwa mkono wangu mzima.

Mapajani mwangu, Firmin alikuwa amefumbua macho. Sijui yalikuwa wazi tangu lini. Hakunitazama mimi. Alimtazama juu mtu aliyelishika gari.

"Mimi sijaapa," akasema.

Anselme akamwangalia. Akaniangalia na mimi. Mguu wa Firmin ulikuwa bado ndani, na Nyigu alikuwa bado mikononi mwake.